Baba Fancy Ameokoka

Kambi ile iliitwa Summer Camp. Bango lilisema hivyo, fulana zilisema hivyo, na kwa kuwa bango na fulana zilitumwa na wageni kutoka Amerika, hakuna aliyethubutu kubisha. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao watu wa Naivasha na Nakuru huvaa sweta mbili na bado hulalamika. Vijana wa Kanisa la Ngome ya Furaha, Kamere, walishushwa karibu na Ziwa Elementaita wakiwa ndani ya fulana zisizo na mikono, meno yakigongana, wakaambiwa wafurahie jua. Jua lenyewe lilichungulia siku ya tatu, likaona hali ilivyo, likarudi zake.

Kulikuwa na vijana wa aina mbili. Wa kwanza walilipiwa na wazazi wao, na hao walicheza voliboli. Wa pili walilipiwa na wageni, na hao hawakudaiwa chochote ila ushuhuda. Wageni walikuwa watu wema, na mtu mwema akitoa pesa yake hupenda kujua imemwokoa nani kutoka kwa nini. Kwa hiyo kila alasiri Omolo, pasta wa vijana, aliwakusanya wafadhiliwa nyuma ya jikoni akawafanyisha mazoezi kama kwaya inayokwenda mashindanoni.

Fancy, binti wa Sitati, alikuwa mmoja wa wafadhiliwa, na alikuwa tatizo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne bila kuvuta chochote, bila kutoroka, bila hata kuchelewa.

"Sasa Fancy," Omolo alimuuliza, "kabla uokoke ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa Sunday school."

"Na kabla ya hiyo?"

"Nilikuwa mdogo."

Omolo alifumba macho kama anayeomba subira. "Haya, nyumbani je? Hakuna kitu? Hata kitu kidogo? Huyu mwenzako babake alichoma nyumba."

"Baba ni dereva."

"Wa matatu?" Omolo aliuliza, macho yakang'aa.

"Wa basi ya shamba la maua."

Macho yakazima. "Fancy, wageni wanafunga kambi Jumamosi. Wewe ndio wa mwisho kuongea na huna kitu. Nenda uombe. Fikiria vizuri. Kitu itakuja."

Fancy alikwenda akaomba, akafikiria vizuri, na kitu kikaja.

*

Sitati aliendesha basi la wafanyakazi la shamba moja kubwa la maua kando ya ziwa. Aliamka wakati jogoo wa jirani bado anajigeuza, akawazoa watu vituoni gizani, akawafikisha kwenye magreenhouse kabla jua halijatoka. Madereva wengine hujisifia mbio. Yeye alijisifia usingizi wa watu wengine. Basi likishatoka Kamere, abiria wote walikuwa wamelala, vichwa vikiegemea vioo, midomo wazi, akina mama wakilaliana mabegani kama magunia. Hakupiga breki za ghafla, hakuingia shimo hata moja alilolijua, na mashimo yote aliyajua.

Mtu mmoja tu hakulala. Nanyama, mkewe, aliyefanya kazi ya kupanga maua pakihausi, banda la kufungashia, alikaa kiti cha mbele karibu naye akimsimulia mambo ya mtaa kwa sauti ya chini. "Nikilala nani atakusemesha?" alisema kila alipoambiwa apumzike. Yeye ndiye aliyekuwa redio ya basi.

Pombe Sitati hakuwahi kuionja. Baba yake kule Bungoma alikunywa kwa niaba ya ukoo mzima, na Sitati aliona kazi hiyo imekamilika. Alichorithi kwa yule mzee ni hadithi tu, na hizo aliwasimulia watoto wake, Fancy na Bravin, usiku stima ilipopotea, ili wajue kulala ndani ya nyumba yenye paa si jambo dogo.

Jumamosi ya kufunga kambi, kanisa lilikodi basi la shamba likawachukue vijana, na dereva wa basi alikuwa Sitati. Alifika mapema. Akaegesha chini ya migunga, akafuta kioo, akasogea hadi nyuma ya hema lililojaa wageni, wazazi na wazee wa kanisa. Mbele, kwenye maikrofoni, kulikuwa na msichana ambaye hakumwona vizuri kwa sababu ya kofia ya mama mmoja. Sauti ilikuwa inatetemeka na spika ilikuwa inakoroma.

"Baba aliezua mabati ya nyumba, moja moja, akaenda kuuza anunue pombe," msichana alikuwa akisema. "Mvua ikanyesha. Nilimshikia ndugu yangu karai kichwani mpaka asubuhi. Mkono ulikufa ganzi. Nilidhani hautarudi."

Machozi yalimtoka Sitati kabla hajajua. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, maana mkono huo aliufahamu, na karai hilo alilifahamu, lilikuwa la buluu na limetoboka pembeni. Aliwaza, kumbe kuna mtoto mwingine duniani aliyepitia hayo. Akasonya kwa hasira, akamwambia mzee aliyesimama kando yake, "Kuna wanaume wengine wangefaa wafungwe."

"Kabisa," mzee akajibu.

Mama mwenye kofia akainama kutafuta kitambaa cha kufutia macho, na Sitati akamwona bintiye.

*

Wageni walilia kama watu waliolipa ili walie. Mmoja alimkumbatia Fancy, mwingine akapiga picha za kukumbatiana huko. Omolo alisimama pembeni akiwa na uso wa kocha ambaye timu yake imefunga dakika ya mwisho. Hakuna aliyejiuliza mpangaji wa Kamere anauzaje mabati ya landilodi.

Fancy alipoinua kichwa akamwona baba yake nyuma ya hema, rangi ilimtoka. Omolo alidhani ni neema.

Wa kwanza kumfikia Sitati alikuwa Madam Chepkemei. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na shambani alikuwa afisa wa maslahi ya wafanyakazi, kwa hiyo siku sita alikuwa na faili yako na siku ya saba alikuwa na roho yako.

"Baba Fancy," alisema kwa upole wa kutisha, "lete funguo ya basi."

"Madam, hiyo maneno si yangu. Mimi sikunywi. Unanijua."

"Nilidhani nakujua. Hata hayo macho mekundu nilikuwa nadhani ni usingizi."

"Ni usingizi! Naamka saa tisa!"

"Baba Fancy, kuna watoto hapa. Lete funguo."

Watoto, wazazi, wageni na mpishi walikuwa wanatazama. Sitati alitoa funguo. Aliyepewa ni dereva wa lori lililoleta viti, kijana aliyekuwa anatafuna chingamu kwa bidii isiyo ya kawaida na kuongea huku amegeuza uso pembeni. Sitati alirudi Kamere akiwa abiria kwenye basi lake mwenyewe, kiti cha nyuma kabisa, akisikiliza gia zikilia kila mlima. Vijana waliimba mapambio njia nzima. Walipofika karibu na Gilgil basi lilipanda juu ya ukingo wa barabara, likashuka, na kila mtu akashukuru Mungu kwa kuwapa dereva mwangalifu.

*

"Hiyo hadithi ni yangu," Sitati alimwambia bintiye jioni hiyo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Ilinitokea mimi. Nilikupatia ikusaidie kulala. Sikukupatia uende kuitoa kwa watu."

Fancy alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, bado amevaa fulana ya Summer Camp. Zawadi ya ushuhuda bora, tochi ya kuvaa kichwani, ilikuwa mapajani mwake.

"Sikujua utakuja, Baba. Nilidhani itabaki huko. Wageni wanaenda kwao, nani angejua?"

"Kwa nini lakini?" Nanyama aliuliza. "Si ungesema tu huna?"

"Nilisema! Nilisema kila siku! Kila mtu alikuwa na kitu, Mama. Mwingine wamempiga, mwingine ametupwa. Mimi tu ndio sikuwa na kitu. Mmenilea vizuri mkaniacha hivi hivi." Akaanza kulia. "Na Pasta Omolo akasema asiye na ushuhuda ni kama amekula pesa ya watu bure."

Nanyama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka tu kama chafya, halafu akamwona mumewe anatazama msumari wa funguo, ulio mtupu, akakimeza.

Kesho yake baada ya ibada, ujumbe wa kanisa ukawatembelea. Walileta unga, mafuta ya kupikia na blanketi, vitu ambavyo nyumba ile ilikuwa navyo, wakaviweka juu ya vile vingine. Waliomba katika kila chumba, yaani vyumba viwili. Omolo alinusa huku na huku hadi jikoni, akafunua ndoo, akarudi akiwa ameibeba mbali na mwili wake.

"Mama Fancy, hii ni nini?"

"Unga wa uji. Nimechachusha."

"Nimechachusha," Omolo alirudia, akiwatazama wenzake. Akatoka nje akaumwaga mtaroni huku akikemea. Ulikuwa uji wa wiki nzima.

Landilodi, mama mmoja wa makamo aitwaye Shiko, hakuingia kuomba. Alikuwa nje amepanda juu ya stuli, anahesabu mabati yake.

"Yapo yote?" Sitati alimuuliza mlangoni.

"Yapo yote," Shiko alisema bila aibu. "Lakini sasa nitakuwa naangalia."

*

Jumatatu Sitati aliitwa ofisini kwa Madam Chepkemei. Mlinzi alikuwa amesimama tayari na kile kifaa cha kupimia walevi, alkoblo, ambacho shamba lilikinunua zamani na halijawahi kukitumia.

"Puliza, mzee," mlinzi alisema, akiona haya.

Sitati akapuliza kwa nguvu zote, kama mtu anayepuliza moto wa kuokoa maisha yake. Sifuri.

"Sifuri!" Madam Chepkemei aliinua mikono juu. "Bwana asifiwe! Siku mbili tu za maombi!"

"Madam, hata mwaka jana ingekuwa sifuri. Hata nikiwa mtoto."

"Usirudi nyuma, Baba Fancy. Kukana ni hatua ya kwanza. Nilifanyiwa semina ya hayo mambo."

"Na nikikubali?"

"Hiyo ni hatua ya pili. Ndio tunataka ufike." Akamwonyesha kiti, akashusha sauti, na kwa kweli alikuwa mwenye huruma. Hilo ndilo lililomkatisha tamaa Sitati, maana mtu mbaya unaweza kubishana naye. "Sikiliza. Nikikurudisha kwa basi na kitu itendeke, nitasema nini? Nilisikia na masikio yangu, mtoto wako mwenyewe. Lakini Jumapili wageni wako hapa kwa mara ya mwisho. Ukienda mbele ukubali, uombewe, kanisa litasimama na wewe na mimi nitasimama na kanisa. Jumatatu utapata basi. Ukikataa, nitalazimika kutafuta dereva mwingine, Baba Fancy. Si mimi, ni utaratibu."

Wiki ile alipewa kufyeka nyasi getini. Kila asubuhi basi lilimpita likiendeshwa na yule kijana wa chingamu, na abiria walimtazama kupitia vioo. Baadhi walimpungia mkono, taratibu, kama watu wanaompungia mgonjwa. Aliwachukia hao kuliko wale waliogeuza uso.

Nanyama alitaka kwenda kwa Omolo akamwambie ukweli wote na kumdai uji wake. Fancy akamzuia. "Nitasema mimi. Mimi ndio niliharibu. Jumapili, mbele ya wote."

"Watakucheka huko," Sitati alisema. "Watakuita muongo."

"Si ni ukweli?"

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi dirishani. Wageni waliketi mbele wamevaa mashuka ya Kimaasai waliyonunua barabarani. Fancy alifika kwenye maikrofoni kabla kwaya haijamaliza kuketi. Sauti yake ilitoka wazi.

"Nilidanganya," alisema. "Baba yangu hanywi. Hajawahi kukunywa. Hatujawahi kunyeshewa. Ile hadithi haikuwa yangu, naomba mnisamehe, na mumrudishie Baba kazi yake."

Fancy alisubiri kuzomewa. Nanyama, safu ya tatu, alisubiri kuzomewa. Badala yake mama mmoja nyuma alianza kulia, na mwingine akadakia.

"Wamemtisha," mtu alinong'ona.

"Maskini, anamficha babake."

Omolo alifika mbio, akamfunika Fancy kwa koti lake, akachukua maikrofoni. "Kanisa, mmeona vile mtoto aliyeumizwa anakaa? Bado anamlinda. Hiyo ndio upendo! Lakini tunajiuliza, jana usiku ameambiwa nini huko nyumbani?" Mgeni mmoja, alipotafsiriwa, aliuliza kama hakuna mahali pa watoto kama huyu, nyumba fulani salama ambapo angeweza kupelekwa hata leo. Madam Chepkemei akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta namba kwenye simu yake.

Fancy alikuwa anasema, "Hapana, hapana," lakini hakuwa na maikrofoni.

Sitati alisimama. Alikuwa amekuja na hotuba, fupi na yenye heshima, kuhusu ukweli na jinsi mtu anavyojenga jina lake kwa miaka mingi. Aliikumbuka yote alipokuwa akitembea kwenda mbele. Kisha akamwona bintiye chini ya lile koti, wanawake watatu wamemshika kama anayetoka kwenye ajali, akajua hotuba ile itamfikisha mtoto wapi.

Alichukua maikrofoni.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa nakunywa."

Kanisa likalipuka. Kinanda kikaingia bila kuitwa. Omolo alimkumbatia, akamkumbatia tena wageni walipokuwa tayari na simu zao.

"Sema ndugu, sema! Ulikuwa unakunywa nini?"

Sitati alikodoa macho. Alitafuta jina la pombe yoyote ile, akalikosa. Nanyama aliinamisha kichwa.

"Zote," Sitati alisema.

"Zote!" kanisa likapokea kwa mshindo.

"Na nyumbani? Ulifanya nini nyumbani?"

Hapo hakuhitaji kutafuta. Aliwaambia juu ya mabati, jinsi yalivyong'olewa moja moja, misumari ikilia. Aliwaambia juu ya mvua, na karai la buluu lililotoboka pembeni, na mtoto ambaye hakuushusha mkono hata ulipouma, maana chini yake kulikuwa na mdogo wake amelala. Alisema, "Huyo mtoto hakuombwa msamaha na mtu. Mpaka leo." Alilia mbele ya watu wote, mwanaume mzima, na machozi yalikuwa ya kweli, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua ni ya nani isipokuwa mke wake na binti yake.

Walisema haijawahi kutokea toba kama ile Kamere. Omolo alimwomba awe mnenaji kwenye kambi ya mwaka ujao. Wageni waliahidi fulana.

*

Jumatatu funguo zilirudi kwenye msumari wake, maana Madam Chepkemei ni mtu wa neno lake. Sitati aliwasha basi gizani, akalisikiliza, akaupapasa usukani. Mtu angedhani ni farasi. Nanyama alipanda, akakaa kiti chake cha mbele. Vituoni watu walipanda mmoja mmoja.

"Karibu tena, Baba Fancy."

"Tunakuombea, Baba Fancy."

"Usirudi nyuma."

Alitoka Kamere taratibu kuliko siku zote. Hakupiga breki ya ghafla. Shimo la kwanza akalikwepa, la pili akalikwepa. Walipofika mahali ambapo siku zote mkoromo wa kwanza husikika, hakusikia kitu. Akainua macho kwenye kioo cha ndani.

Walikuwa macho, wote. Safu kwa safu, wameketi wima, mikono imeshika vyuma vya viti vya mbele yao, wanaitazama mikono yake. Mama mmoja alikuwa anaomba, midomo inacheza. Kila basi lilipokata kona, miguu yao yote ilikanyaga sakafu pamoja, ikitafuta breki.

Sitati alirudisha macho barabarani. Alitaka kusema kitu, ila dereva aliyeokoka juzi akianza kujitetea gizani, watu watashuka.

Nanyama alimwona. Alikuwa na mambo tele ya kumsimulia asubuhi ile, Shiko na stuli yake, Fancy aliyeikata fulana ya Summer Camp kuwa matambara ya kupigia deki. Hakusema hata moja. Alivua leso, akaikunja, akaiweka kwenye kioo, akaegemeza kichwa na kufumba macho. Kisha akaanza kukoroma, kwa sauti, ili nyuma wasikie.

Ulikuwa mkoromo wa uongo kabisa, hata mtoto angeujua. Sitati aliusikiliza njia nzima hadi getini. Hakuna mwingine aliyelala.